Strat au Les Paul kwa mapigo ya Hendrix? Muuzaji amenipa hadi Ijumaa

Mla_Mabuyu (Malindi), Jumatatu saa 2:14 usiku

Hodi jamvini. Wadau, kichwa kimegota. Kuna Mtaliano hapa Casuarina anarudi kwao, anauza gitaa la umeme, Squier Stratocaster (Strat) nyeusi, shingo ya mbao nyeupe. Mombasa nako kuna Epiphone Les Paul, imetumika lakini safi. Bei ni zile zile, moja 38,000 na nyingine 40,000 na tunaongea. Ninachotaka ni mapigo ya Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa Mmarekani: Hey Joe, Little Wing, Voodoo Child, na Red House Mungu akijalia. Nichukue lipi? Mtaliano anataka jibu Ijumaa.

Fundi_Langoni (Lamu), Jumatatu saa 2:40 usiku

Wa aleikum salaam, ingawa hukutoa. Ndugu yangu, hivi ndivyo mtu anavyouliza "ninunue jahazi au mashua" bila kusema anakwenda wapi na pepo gani. Una ampu gani? Ya transista au ya valvu? Wati ngapi? Utapiga chumbani, harusini au hotelini? Nyuzi unene gani? Hiyo Squier ni ya daraja gani, imeandikwa nini kichwani? Umeshaishika mkononi au umeona picha tu? Jibu hayo kwanza.

Nyuzi_Sita (Malindi), Jumatatu saa 2:52 usiku

Fundi usimchoshe kijana. Jibu ni Strat, basi. Tamasha la Monterey, Juni 1967, gitaa lililochomwa moto jukwaani lilikuwa Strat. Woodstock, asubuhi ya Jumatatu tarehe 18 Agosti 1969, ile nyeupe iliyopiga wimbo wa taifa wa Marekani mpaka ukalia kama mabomu, Strat. Hiyo ya Woodstock sasa iko makumbusho Seattle, mji aliozaliwa 1942. Ukitaka Little Wing unahitaji pikapu (kinasa sauti cha chini ya nyuzi) ya shingoni yenye koili moja, ile inayotoa sauti ya kengele. Les Paul ina hambaka, koili mbili zimefungwa pamoja, sauti nene, juu imezibwa. Huwezi kuitoa kengele kwenye chungu.

Hambaka_Daima (Watamu), Jumatatu saa 3:10 usiku

Mwamba ngoma huvutia kwake. Nyuzi_Sita, wewe ukiulizwa dawa ya jino utasema Strat. Hendrix alipiga Gibson pia, kampuni yenye Les Paul: Flying V aliyoipaka marangirangi 1967, SG Custom nyeupe, na Flying V nyeusi iliyotengenezwa maalumu kwa mkono wa kushoto, aliyopanda nayo jukwaani kisiwa cha Wight mwisho wa Agosti 1970, karibu wiki tatu kabla ya kufa. Red House kwa hambaka ina nyama. Na mwenye mada ametaja Red House.

Halafu koili moja hapa pwani? Nyumba nyingi za zamani soketi hazina eathi. Washa Strat uone ilivyo: mmm mmm mmm, hezi 50 mwanzo hadi mwisho.

Nyuzi_Sita, Jumatatu saa 3:15 usiku

Ametaja nyimbo nne, tatu ni za Strat. Hesabu.

Mla_Mabuyu, Jumatatu saa 3:31 usiku

Samahanini, na salaam aleikum nyote. Ampu ni ya transista, wati 15, ina tundu moja la waya wa gitaa. Nakaa karibu na bahari, dirisha linatazama maji. Nitapiga nyumbani na mara moja moja na vijana wa hoteli. Squier nimeishika, Les Paul nimeona picha tu. Kichwani imeandikwa Affinity.

Lingine nilisahau kusema: mimi mashoto. Magitaa yote mawili ni ya mkono wa kulia. Hilo lina shida?

Fundi_Langoni, Jumatatu saa 3:38 usiku

Subhanallah. Hilo ndilo la kwanza kusema, wewe umeliweka mwisho baada ya dirisha.

Sasa mambo yamegeuka kabisa. Strat ya kulia ukiigeuza inapigika. Les Paul ya kulia ukiigeuza ni mateso. Sababu ni tatu.

Kwanza mwili. Les Paul ina mkato mmoja tu, chini, ili mkono ufike freti (vile vyuma vya shingoni) za juu. Ukiigeuza mkato unakuwa juu, upande wa kidevu, na mkono wako unagonga bega la gitaa kuanzia freti ya 16. Strat ina pembe mbili. Si starehe, maana pembe ndefu inakuwa chini, lakini unafika. Ndiyo maana hata Hendrix, Gibson alizozigeuza zinazojulikana zaidi ni zile zenye mwili unaokaribia kulingana pande zote: V na SG.

Pili briji, pale nyuzi zinapokalia mwilini. Kwenye Les Paul briji imesimama kwenye nguzo mbili zilizochimbiwa mbaoni kwa mshazari, upande wa nyuzi nene umerudi nyuma milimita chache. Ukigeuza nyuzi, uzi mnene unakaa upande mfupi. Vile vipande sita vya kukalia nyuzi vina nafasi ndogo ya kutembea, havifiki. Matokeo: uzi wazi uko sawa, ukibonyeza freti ya 12 sauti imepanda. Dawa yake ni kuziba matundu na kuchimba nguzo upya. Kwenye Strat kila kipande cha briji kina skrubu yake ndefu, unasogeza kimoja kimoja mpaka kitulie.

Tatu kichwa cha Les Paul kimeinama nyuma, na hapo ndipo linapovunjika likianguka. Kugeuza gitaa kunaleta kuanguka, nitaeleza.

Bi_Shela (Lamu), Jumanne saa 1:05 asubuhi

Kaka Mla_Mabuyu usione haya, uko kwenye safu nzuri. Babake Hendrix, Al, hakupenda mtoto apige kwa kushoto, aliona ni mkono wa shetani. Ndugu yake Leon amesimulia kwamba Jimi alikuwa akipiga kwa kulia baba akiwapo, akitoka tu anageuza. Hebu niambie hiyo si hadithi ya nyumba yoyote ya hapa Mkomani? Mtoto akishika kijiko kwa kushoto anapigwa kofi la mkono.

Gitaa lake la kwanza lilikuwa la mbao la dola 5, karibu 1958, mwaka ule ule aliofariki mamake. Mwaka uliofuata baba akamnunulia la umeme, Supro Ozark. Akaenda jeshini 1961, kikosi cha miamvuli Fort Campbell, akakutana na Billy Cox mpiga besi, akatoka 1962. Baadaye miaka ya kupiga nyuma ya watu: Isley Brothers, Little Richard. Hapo ndipo mkono wake wa kuchapa kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) ulipokomaa. Watu wanakazana na solo na kelele, lakini Little Wing yote ni mkono wa mpiga gitaa wa nyuma, kidole gumba kimezunguka juu ya shingo kinabonyeza besi, vidole vingine vinachezacheza ndani ya kodi. Hilo halitokani na Strat wala Les Paul.

Hambaka_Daima, Jumanne saa 1:20 asubuhi

Asante dada. Kwa hiyo hambaka inaruhusiwa.

Nyuzi_Sita, Jumanne saa 1:22 asubuhi

Kidole gumba kinataka shingo nyembamba. Strat.

Kusi_Kaskazi (Lamu), Jumanne saa 4:48 asubuhi

Kabla hajaruka na Strat ya kugeuza, asikie habari ya gitaa moja lililopita kisiwani hapa. Nakala ya Strat, ya bendi ya hoteli, mpigaji mashoto. Lilipelekwa kwa karakana moja, sitaitaja, "wageuze".

Kazi ya kwanza ni ule mfupa mdogo wenye mifereji sita pale shingo inapokutana na kichwa. Mifereji imechongwa kwa unene wa kila uzi: uzi mwembamba milimita 0.25, mnene milimita 1.17. Ukigeuza nyuzi bila kubadilisha mfupa, mwembamba unaelea kwenye mfereji mpana na mnene unakaa juu ya mfereji wake kama mtu aliyepanda punda mdogo. Karakana walijua hilo, lakini walivyofanya! Waliung'oa ule mfupa kwa bisibisi bila kukata rangi pembeni kwa wembe kwanza. Rangi ikashika, mbao ikafuata: kipande cha ukubwa wa ukucha kikatoka mwisho wa ubao wa vidole. Wakakirudisha kwa supaglu. Kisha badala ya kununua mfupa mpya wa kushoto, wakaziba mifereji ile ile na kuchonga upya kwa wembe wa msumeno wa chuma. Mifereji yote sita ikawa na upana mmoja.

Nyuzi mbili za chini zikalia zzz kama nzi kwenye kikombe. Uzi mnene ukiuvuta kidogo unaruka nje. Uzi wa tatu walikata mfereji kupita kiasi, ukipigwa wazi unagusa freti ya kwanza, ukibonyezwa popote uko sawa. Hiyo ndiyo alama: uzi unaokwaruza wazi tu na kunyamaza ukibonyeza, mfereji umekatwa mno, huwezi kuurekebisha kwa kuinua briji. Waliinua briji. Wakainua tena. Nyuzi zikawa mbali na ubao kiasi cha kupitisha kidole.

Halafu kitufe cha mkanda. Ukigeuza, mkanda lazima uhamie pembe fupi, ambayo sasa ndiyo ya juu. Walitoboa kwa msumari na nyundo. Rangi ikapasuka, mbao ikachanika, skrubu ikashika kwa wiki mbili. Usiku wa tatu wa shughuli mkanda ukachomoka, gitaa likaenda kichwa chini kwenye saruji. Kwa vile kichwa cha Strat kimenyooka halikuvunjika, ila mashine mbili za kutuni zikapinda na ubao ukabaki na kovu.

Gitaa lenyewe halikuwa na kosa. Geuza, lakini jua unageuza nini.

Fundi_Langoni, Jumanne saa 5:30 asubuhi

Kusi_Kaskazi amesema kweli tupu. Sasa Mla_Mabuyu, kama ni Affinity, fanya hivi wewe mwenyewe, kazi ya jioni mbili.

Nunua mfupa wa kushoto uliokwisha kuchongwa, upana milimita 42. Angalia chini ya mfupa wa zamani kabla ya kununua: mingine iko bapa, mingine imepinda kufuata ubao, na hazibadilishani. Kwanza pitisha wembe pande zote ukate rangi. Kisha weka kipande cha mbao kwenye mfupa, gonga pole kwa nyundo ndogo kutoka ubavuni mwa shingo. Utasikia tik, umeachia. Usikwangue kwa bisibisi. Mpya ushike kwa matone mawili ya gundi nyeupe ya mbao, si supaglu, kwa sababu iko siku utataka kuutoa tena.

Kipimo cha kina cha mfereji: bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1. Nafasi iwe ya karatasi moja. Hakuna nafasi kabisa, mfereji umezidi. Karatasi tatu, bado uko juu na kodi za mwanzo zitatoka nje ya sauti.

Nyuzi za unene wa 10 hadi 46, mnene juu karibu na kidevu chako. Kwenye kichwa, uzi mnene sasa unakwenda kwenye mashine ya mbali kabisa na mwembamba kwenye ya karibu. Angalia kile kibati kidogo kinachobana nyuzi kichwani: kilikusudiwa nyuzi nyembamba, sasa kinabana zile nene, na uzi ukikwama hapo utasikia "ting" ukituni. Paka risasi ya penseli chini yake na ndani ya mifereji ya mfupa.

Briji: ufunguo wa Affinity ni wa milimita 1.5. Anza na nyuzi kwenye freti ya 12 ziwe kati ya milimita 1.6 na 2 juu ya freti. Kisha linganisha sauti ya kugusa kidogo juu ya freti ya 12 na sauti ya kubonyeza pale pale. Iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kipande nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, sogeza mbele. Mwisho wa kazi vipande vitakuwa vimepanga ngazi kinyume na vilivyokuja. Kama skrubu moja imefika mwisho kabla ya kutulia, punguza springi yake kwa koleo.

Kitufe cha mkanda: toboa kwa keekee ya milimita 2.5, weka utepe wa karatasi juu ya rangi kabla ya kutoboa isipasuke, pitisha skrubu kwenye sabuni ya mche. Pembe ya juu sasa ni fupi, kwa hiyo shingo itataka kushuka. Mkanda wa ngozi yenye manyoya chini hushika bega, wa nailoni utateleza.

Vifundo vya sauti vitakuwa juu, chini ya kiwiko. Utavigusa bila kutaka. Ndivyo ilivyo. Mkono wa tremolo, ule wa kuyumbisha sauti, nao utakuwa juu ya nyuzi nene, kama alivyokuwa nao Hendrix.

Nyuzi_Sita, Jumanne saa 6:02 mchana

Na hapo ndipo utamu. Pikapu ya karibu na briji kwenye Strat imelazwa mshazari, upande wa nyuzi nyembamba uko karibu zaidi na briji. Ukigeuza, nyuzi nene ndizo zinazosogea karibu na briji, zinakuwa kavu na zenye meno, na nyembamba zinasogea mbali, zinakuwa na mwili. Ile ndiyo sauti yake. Fender, wenye Strat, mwaka 2015 walitoa Strat ya Hendrix kwa watu wa mkono wa kulia, kichwa kimegeuzwa na pikapu ya briji imelazwa kinyume, ili mwenye kulia apate kile ambacho mashoto anakipata bure kwa kugeuza. Watu wanalipia mzee, wewe umezaliwa nacho.

Kichwa nacho. Uzi mwembamba nyuma ya mfupa ni mfupi, kwa hiyo ni laini kuuvuta. Ndiyo siri ya vile alivyokuwa akivuta nyuzi.

Fundi_Langoni, Jumanne saa 6:20 mchana

La pikapu sahihi. La kichwa, hapana. Mvutano wa uzi unatokana na urefu kati ya mfupa na briji, milimita 648 kwa Strat, na unene wake na sauti unayoitaka. Kipande cha nyuma ya mfupa hakiongezi wala kupunguza mvutano huo. Kinachobadilika ni umbali wa kusukuma: kikiwa kifupi, sauti inapanda haraka kwa kusukuma kidogo.

Ulaini alioupata ulitoka kwingine: alikuwa akishusha gitaa zima nusu hatua, kutoka E kwenda E-flati, na nyuzi zake za besi zilikuwa nyembamba kuliko hizi tunazouziwa leo. Mla_Mabuyu akishusha nusu hatua na nyuzi 10, atavuta bila kulia.

Nyuzi_Sita, Jumanne saa 6:24 mchana

Nimepiga yote mawili, nyepesi ni iliyogeuzwa.

Fundi_Langoni, Jumanne saa 6:26 mchana

Pima kwa mizani ya samaki.

Hambaka_Daima, Jumanne saa 6:40 mchana

Mmesahau lile la nguzo za sumaku. Pikapu za mtindo wa zamani nguzo zake zina urefu tofauti, ya uzi wa tano kutoka juu ndiyo fupi kuliko zote, zile mbili za katikati ndizo ndefu. Ukigeuza, nguzo fupi inakuwa chini ya uzi wa pili mnene, unasikika hafifu, na uzi wa tano unapata nguzo isiyokuwa yake, unapiga kelele. Mnamwuzia mtu kasoro mnaiita sauti ya Hendrix.

Fundi_Langoni, Jumanne saa 6:51 mchana

Kwa pikapu za aina hiyo ni kweli. Affinity nyingi zina sumaku ya bapa chini na nguzo sawasawa juu, hakuna tofauti ya kusikika. Mwenye mada, zitazame: kama vichwa vya nguzo vyote viko usawa mmoja, puuza.

Mla_Mabuyu, Jumanne saa 1:15 usiku

Nimezitazama, ziko usawa. Ahsanteni. Sasa Mtaliano ananiambia nitaongezewa na pedali ya fuzi, ile ya kukwaruza sauti, anasema ni kama ya Hendrix, imeandikwa jemaniamu. Na ana ampu ya Kimarekani ya valvu anataka kuniuzia pia. Nichukue?

Kusi_Kaskazi, Jumanne saa 1:40 usiku

Taratibu. Ampu kwanza. Ikiwa nyuma imeandikwa volti 120, ukiichomeka kwenye soketi ya Malindi ya 240 utasikia pu, utanusa, na haitakuwa fyuzi peke yake. Inataka transfoma ya kushusha, nzito, na wati zake ziwe juu ya mahitaji ya ampu, si sawa sawa. Ampu ya valvu ya wati 40 inakula zaidi ya wati 40 ukutani.

Fuzi ya jemaniamu, hapa ndipo watu wa pwani wanapoteza pesa. Transista za jemaniamu huvuja umeme zaidi joto linapopanda. London baridi inalia vizuri. Malindi mwezi wa Februari, mchana, jukwaani karibu na taa, bayasi (mpangilio wa umeme ndani yake) inahama na sauti inakatika katika kama mtu anayekohoa. Usiku upepo ukija inarudi. Hata Fuzz Face za Hendrix zilianza jemaniamu, baadaye zikaja za silikoni, BC108, na fundi wake Roger Mayer alikuwa akizifungua na kuzirekebisha kila mara. Kwa joto letu chukua silikoni, ipunguze kwa kifundo cha volumu cha gitaa.

Tena fuzi nyingi za jemaniamu chanya ndiyo iliyounganishwa na bodi. Ukizifunga kwenye adapta moja na pedali nyingine kwa waya wa mnyororo unatengeneza shoti. Betri ya volti 9, peke yake.

Bi_Shela, Jumanne saa 1:58 usiku

Na fuzi iingie mara baada ya gitaa, au baada ya pedali ya wa-wa kama ile ya kampuni ya Vox aliyotumia Hendrix. Wa-wa ikitangulia na fuzi ikifuata, nyingine zinapiga filimbi. Si uharibifu, ni pedali mbili zisizopatana.

Lakini kwa ampu ya wati 15 ya transista, kaka, fuzi itasikika kama mdudu kwenye kopo. Hendrix alikuwa na Marshall ya wati 100 nyuma yake, fuzi inasukuma valvu, valvu zinalainisha. Wewe weka ampu iwe safi, besi ishushe, fuzi ndogo.

Hambaka_Daima, Jumanne saa 2:10 usiku

Na hambaka haivumi kwenye soketi isiyo na eathi. Nimeshasema?

Kusi_Kaskazi, Jumanne saa 2:14 usiku

Umeshasema. Na nyumba isiyo na eathi dawa yake si hambaka, ni kutia eathi. Mpigaji akishika nyuzi na mdomo ukigusa maikrofoni ya mfumo mwingine, anapigwa mdomoni. Hambaka haizuii hilo.

Mzee_wa_Udi (Lamu), Jumatano saa 12:30 asubuhi

Wanangu, mnasumbuka na kuchonga na kutoboa. Albert King, mpiga bluzi, alikuwa mashoto, alichukua Flying V ya kulia akaigeuza bila kubadilisha nyuzi hata moja. Nyembamba juu, nene chini. Hakugusa mfupa wala briji. Alikuwa akizivuta kuelekea chini badala ya kuzisukuma juu, na Hendrix mwenyewe alimsikiliza sana. Dick Dale vivyo hivyo. Hiyo ni njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja.

Fundi_Langoni, Jumatano saa 12:44 asubuhi

Shikamoo mzee. Ni kweli, ila kodi zote za vitabuni hatazisoma, na kidole gumba cha Little Wing hakina besi ya kubonyeza juu. Anataka Hendrix, si Albert King.

Mzee_wa_Udi, Jumatano saa 12:50 asubuhi

Marahaba. Basi ajifunze kwa kulia kama watu wote. Sisi mashoto wa udi tulifundishwa kwa kulia, tukashika. Mkono wenye kazi ngumu ni ule wa shingoni, na huo kwa mashoto ndio wenye nguvu.

Bi_Shela, Jumatano saa 1:03 asubuhi

Shikamoo babu. Lakini mkono wa kupiga ndio unaobeba mdundo, na mdundo ndio Hendrix. Hao waliofundishwa kwa kulia mnaowaona ni walioshika. Walioacha hawako jamvini kusimulia.

Udi nao una tumbo la mviringo, pande zote sawa, na shingo haina freti. Kuugeuza ni kubadilisha nyuzi na ule mfupa tu, basi. Mpiga udi Zein l'Abdin wa hapa hapa Lamu angelikuwa mashoto angeugeuza kwa saa moja.

Mzee_wa_Udi, Jumatano saa 1:15 asubuhi

Si kweli mwanangu. Ndani ya udi kuna miti ya kushikilia uso, na haikupangwa sawa pande zote kwa kila fundi. Ukigeuza nyuzi nene upande wa miti hafifu uso unazama. Na kile kibao cha kuzuia mikwaruzo ya risha kiko upande mmoja. Mafundi wa Misri wanafanya hivi, wa Iraki vingine, briji ya Iraki yenyewe inaelea...

Nyuzi_Sita, Jumatano saa 1:19 asubuhi

Sasa tumefika Baghdad.

Kusi_Kaskazi, Jumatano saa 3:00 asubuhi

Kabla hatujavuka bahari zaidi: dirisha. Amesema linatazama maji. Nyuzi za chuma zisizovikwa utando wa kuzuia kutu zitashika kutu kwa siku kumi. Kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, juu na chini ya uzi. Gitaa ndani ya kasha, pamoja na vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Skrubu za briji tone moja la mafuta ya cherehani, zikikwama ufunguo wa 1.5 utazunguka ndani na kuumaliza mdomo wa skrubu. Shimo la waya likianza kukwaruza, dawa ya kusafishia nyaya za umeme, si mafuta ya kupikia kama nilivyoona mahali fulani.

Mla_Mabuyu, Alhamisi saa 2:05 usiku

Wadau, mambo mapya. Mtaliano ameahirisha safari, sasa ni Jumanne, na bei imepanda 3,000 kwa sababu ya fuzi. Wa Mombasa hapokei simu. Na kuna kijana Watamu ana Strat ya kushoto kabisa, haina jina kichwani, 35,000. Picha ametuma moja, usiku, taa imezima nusu. Mnaonaje?

Hambaka_Daima, Alhamisi saa 2:11 usiku

Niko Watamu, naweza kwenda kuiona. Ina pikapu gani?

Nyuzi_Sita, Alhamisi saa 2:12 usiku

Ya kushoto halisi pikapu ya briji itakuwa imelazwa vya kawaida. Sauti ya Hendrix hutaipata.

Fundi_Langoni, Alhamisi saa 2:30 usiku

Mwambie kijana akutumie picha tatu mchana: mfupa kwa karibu, freti ya 12 kwa ubavuni uzi ukiwa umekazwa, na shingo ikitazamwa kutoka mwisho wa mwili kuelekea kichwani. Kichwa kisicho na jina hakinitishi. Kinachonitisha ni shingo iliyopinda kama upinde na skrubu ya kuinyoosha iliyokwisha. Aingize ufunguo, azungushe robo, aseme kama inashika.

Bi_Shela, Alhamisi saa 2:41 usiku

Na kama kuna anayetoka Mombasa kabla ya Jumatatu, aniletee pakiti mbili za 10 hadi 46 zilizovikwa. Nitampokea Mokowe.